Mbegu ya Mahindi Ikae Kina Gani? Mwongozo wa Kupanda Kulingana na Jinsi Ulivyolima

Shamba la mahindi likitoka na mapengo, wa kwanza kulaumiwa ni muuza mbegu. Wa pili ni mvua. Ni wachache wanaochukua kijiti wakafukua pale penye pengo kuona mbegu imelala wapi. Fukua, na mara nyingi utaikuta: imevimba, imechipua, mche wake umejikunja chini ya bonge la udongo, sentimita 12 kutoka juu, na majani ya kwanza yamefunguka gizani. Mbegu ilikuwa nzima. Tatizo ni mahali ilipowekwa.

Mwongozo huu ni wako ikiwa unapanda kwa jembe, kwa plau la ng'ombe, kwa trekta la kukodi, juu ya matuta, au bila kulima kabisa. Umesikia mara nyingi kwamba mahindi hupandwa sentimita 5. Ni kweli, lakini sentimita hizo 5 ni za udongo uliokwisha kutulia. Udongo uliopinduliwa na trekta jana hautulii sawa na udongo ambao haujaguswa tangu mavuno, kwa hiyo mkono ule ule, kwa jembe lile lile, huweka mbegu mahali tofauti katika mashamba hayo mawili.

Kinachotokea chini ya udongo

Ukielewa sehemu hii, hatua nyingine zote zitakuwa rahisi.

Ili iote, punje ya mahindi inahitaji kunywa maji yanayokaribia theluthi ya uzito wake. Kwanza hutoa mzizi, kisha hutoa ncha ngumu iliyochongoka ambayo ndani yake yamekunjwa majani. Kati ya punje na ncha hiyo kuna kishina chembamba cheupe, na hicho ndicho kinachorefuka na kuisukuma ncha juu. Ncha ikishaonja mwanga, kishina huacha kurefuka. Hapo, kama sentimita 2 chini ya uso wa udongo, hujengeka fundo. Fundo hilo ndilo litakalotoa mizizi ya kudumu, ile itakayoushikilia mmea na kuulisha mpaka mavuno. Mizizi iliyotoka kwenye punje yenyewe ni ya kuanzia maisha tu.

Sasa tazama. Ukipanda sentimita 4, 5 au 7, fundo litakaa pale pale, karibu sentimita 2 kutoka juu. Lakini ukipanda sentimita 2 au pungufu, fundo linakosa nafasi na kujengeka juu kabisa, kwenye udongo unaokauka kwa jua la siku moja. Mizizi ya kudumu inachungulia, inakutana na vumbi, inakufa. Mche unabaki umesimama kwa mizizi ya punje peke yake na upepo wa kwanza mkali unaulaza. Ubaya wa kosa hili ni kwamba huonekana wiki ya tatu au ya nne, mkulima akiwa ameshasahau siku ya kupanda, akadhani ni ugonjwa.

Ukipanda chini mno, tatizo ni lingine. Kishina kile kina ukomo wa kurefuka, na chakula kilichomo ndani ya punje ni akiba isiyoongezeka mpaka jani lifike juani. Zipo aina za mahindi zenye kishina kirefu sana. Wahopi wa Arizona, nchini Marekani, hupanda mahindi yao ya asili kina cha sentimita 20 na zaidi kwenye mchanga mkavu, na yanatoka. Mbegu unayonunua dukani haikuzalishwa kwa kazi hiyo. Ikivuka sentimita 10 unacheza kamari, hasa udongo ukiwa mzito au wenye mabonge.

Jambo la tatu ni usawa, na kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote. Mche unaochelewa nyuma ya jirani zake kwa majani mawili hauwafikii tena. Unatiwa kivuli, unaendelea kunyonya maji na mbolea, halafu unatoa gunzi dogo au hautoi kabisa. Ndiyo maana ningechagua shamba lililopandwa lote sentimita 6 kuliko lile ambalo nusu ni sentimita 3 na nusu ni 9, ingawa wastani wao ni mmoja.

> KISANDUKU: KINA CHA KUANZIA
> Pima kutoka juu ya punje hadi juu ya udongo uliotulia.
>
> - Udongo wa mfinyanzi au mbuga nyeusi, wenye unyevu: sm 3–4
> - Udongo mzito wa nyanda za juu zenye baridi: sm 4
> - Udongo tifutifu wenye unyevu: sm 5
> - Udongo wa kichanga wenye unyevu: sm 6–7
> - Kupanda kavu, kabla ya mvua, kwenye kichanga au tifutifu: sm 7–8
>
> Usiweke pungufu ya sm 3 kwa udongo wowote. Usivuke sm 10 kwa sababu yoyote.

Andaa kipimo chako

Usipime kwa macho. Shimo la jembe likionekana la sentimita 5 ukiwa umesimama, ukiinama kulipima utalikuta 8, au 3.

1. Kata kijiti kilichonyooka, unene wa kidole. Kitie alama kwa kisu kwenye sentimita 3, 5 na 8. Tumia rula ya mwanafunzi, kisha kijiti kikae mfukoni msimu mzima.
2. Kama unapanda kwa mti wa kuchoma mashimo, pigilia kijiti cha kukingama kwenye kina unachotaka. Mti utagoma kuzama zaidi, na hata mtoto akipanda, kina kitakuwa kimoja.
3. Kama unapanda kwa jembe, funga kitambaa au raba kwenye bapa la jembe pale kina kinapoishia.
4. Andaa kamba yenye vifundo. Nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, punje moja kila shimo, inakupa miche kama 18,000 kwa ekari. Sentimita 75 kwa 60, punje mbili kila shimo, inakupa idadi ile ile.

Jaribu mbegu pia, hata kama pakiti ina lebo ya TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu Tanzania, kwa sababu hujui ilihifadhiwaje dukani. Hesabu punje 100, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, weka mahali pa joto, angalia baada ya siku 5 hadi 7. Zikiota 90 au zaidi, panda bila wasiwasi. Zikiwa chini ya 70, irudishe. Bila jaribio hili hutaweza kujua baadaye kama mapengo yametokana na mbegu au na kina.

Ukilima kwa jembe la mkono

Shamba lililolimwa kwa jembe lina faida ya kuwa na udongo laini wa juu na tabaka gumu la chini lisilo mbali. Mbegu haizami hovyo. Udhaifu wake ni wa watu: vibarua watano wana mikono mitano. Mmoja anapiga jembe kwa nguvu na kufika sentimita 10, mwingine amechoka na anakwaruza. Wape wote alama ile ile kwenye jembe, na pita nyuma yao kila baada ya mistari michache ufukue mashimo matatu mbele yao. Hakuna atakayekasirika ukieleza sababu.

Fukia kwa udongo laini, si kwa mabonge. Kisha kanyaga kidogo kwa unyayo ili punje ishikane na udongo wenye unyevu. Kwenye mfinyanzi uliolowa, usikanyage, utatengeneza tofali.

Ukilima kwa plau la ng'ombe

Hapa ndipo mbegu nyingi hupotea, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Katika maeneo mengi ya wafugaji, Singida, Shinyanga, Mwanza na kwingineko, mvua ikinyesha familia huingia shambani kulima na kupanda kwa mpigo mmoja. Baba anashika plau, kijana anaongoza maksai, na mtoto anafuata nyuma akidondosha mbegu mferejini. Zamu inayofuata ya plau inafukia. Naelewa sababu: mvua haisubiri, na ng'ombe huenda ni wa kuazima. Lakini angalia kinachotokea. Plau limekata sentimita 15 au zaidi, mbegu imedondoka sakafuni, na juu yake umegeuzwa udongo wote wa mfereji unaofuata. Punje nyingine imebahatika kudondokea ubavuni na imefunikwa kwa sentimita 5. Shamba hilo litatoka kwa wiki mbili, mche mmoja mmoja, na mapengo hayatahesabika.

Njia bora ni kutenganisha kazi mbili:

1. Lima shamba lote. Kama una haro, piga haro. Kama huna, fungia maksai tawi zito la mti wenye matawi mengi na ulikokote juu ya shamba ili livunje mabonge.
2. Uache udongo utulie siku mbili au tatu, au mpaka mvua nyingine ipite.
3. Rudi na kamba na jembe. Piga mashimo au chora mfereji mwembamba, ukipima kwa kijiti.

Najua si kila mtu ataweza. Ukilazimika kupanda nyuma ya plau, fanya hivi:

1. Panda kila mfereji wa tatu. Plau la ng'ombe hukata upana wa kama sentimita 25, kwa hiyo mifereji mitatu inakupa nafasi ya sentimita 75 bila kamba.
2. Katika mfereji wa kupandia na ule wa kufukia, punguza kina cha plau. Shusha gurudumu la mbele au fupisha mnyororo.
3. Anayepanda asidondoshe mbegu sakafuni mwa mfereji. Aiweke ubavuni, kwenye udongo uliotoka kugeuzwa, nusu ya kimo chake. Hilo peke yake litaokoa sentimita nyingi.
4. Kila baada ya mizunguko miwili, fukua sehemu tatu upime. Ukikuta zaidi ya sentimita 8, rekebisha plau kabla ya kuendelea.

> ONYO
> Mbegu yenye rangi nyekundu, kijani au ya buluu imepakwa dawa. Mtoto asiiguse. Fanya kazi hiyo mwenyewe ukiwa umevaa mifuko ya plastiki mikononi, kisha nawa kwa sabuni. Mbegu hiyo hailiwi, hailishwi kuku, na hailowekwi.

Ukikodi trekta

Plau la sahani la trekta hushuka sentimita 20 na zaidi na kuacha udongo uliojaa hewa. Wakulima wengi hulipia kulima mara moja tu na kuacha haro, ili kupunguza gharama. Kama fedha ni chache, mimi ningelima ekari chache na kuzipiga haro kuliko kulima nyingi na kuziacha na mabonge. Punje iliyolala kati ya mabonge mawili haigusani na udongo wa kutosha kunywa maji, na ikiota, mche hauna njia ya kupita.

Fanya jaribio la kiatu. Tembea shambani kawaida. Kiatu kikizama zaidi ya sentimita 5, udongo haujatulia. Subiri mvua iushushe. Ukilazimika kupanda siku hiyo, weka mbegu sentimita 7 na ukanyage vizuri juu yake; udongo ukishuka itabaki na 5 au 6. Usiweke 5 kwenye udongo huo uliojaa hewa, kwa sababu ukitulia na mvua kubwa ikiosha uso wake, unaweza kubaki na 3.

Kama trekta linavuta mashine ya kupandia, msimamishe dereva baada ya mita 20 za kwanza. Fukua mstari wa kila kipandio, si mmoja tu, maana mara nyingi kipandio kinachopita kwenye njia ya tairi huweka mbegu juu kuliko wenzake. Mwendo usizidi wa mtu anayetembea haraka. Trekta likikimbia, vipandio hurukaruka na kina huyumba.

Adui mwingine wa shamba lililosagwa laini ni gamba. Mvua kubwa ikifuatwa na jua kali, uso wa udongo hushikana ukawa mgumu, na mche uliokaribia kutoka hukwama chini yake. Nitarudi kwenye dawa yake baadaye.

Ukipanda juu ya matuta

Ruvuma, Iringa na Njombe wanalijua tuta kwa vizazi, na Wamatengo wa Mbinga wana ngoro zao, ambamo mahindi hupandwa juu ya kuta zinazozunguka mashimo. Tuta hutoa maji haraka, na hiyo ni neema mahali penye mvua nyingi. Neema hiyo hugeuka mvua ikikatika, kwa sababu kilele cha tuta hukauka kabla ya sehemu nyingine yoyote ya shamba.

Panda sentimita 5 hadi 6 kutoka juu ya tuta lililokwisha kunyeshewa angalau mara moja. Tuta jipya hupungua kimo, na udongo wake huteleza kwenda mferejini. Mbegu iliyowekwa sentimita 3 juu ya tuta bichi huweza kuonekana kwa macho baada ya mvua mbili. Mahali penye mvua haba, shuka: panda ubavuni mwa tuta, theluthi moja kutoka chini, na ufunge mifereji kwa vizuizi vya udongo kila baada ya mita chache ili maji yasikimbie.

Ukipanda bila kutifua

Kilimo hifadhi kinakuachia udongo ulioshikana, wenye unyevu na uliofunikwa kwa matandazo. Udongo huo hautashuka baada ya kupanda, kwa hiyo kina unachoweka leo ndicho kitakachobaki. Sentimita 4 hadi 5 zinatosha kwenye udongo tifutifu. Makosa hapa ni ya aina nyingine.

La kwanza ni kupima kutoka juu ya mabua. Matandazo yenye unene wa sentimita 4 hayahesabiwi kuwa udongo. Mkulima anachoma sentimita 6, anafurahi, kumbe mbegu iko sentimita 2 ndani ya udongo, na mabua yakisogezwa na kuku inabaki karibu kuwa wazi. La pili ni shimo lisilofungwa. Kwenye ardhi ngumu, tundu la mti wa kupandia hubaki wazi, panya na ndege wanaona mbegu, na hewa inaikausha. La tatu ni majani makavu kusukumwa ndani ya tundu pamoja na mbegu. Punje inalala juu ya nyasi na haigusi udongo.

1. Sogeza matandazo upana wa kiganja pale pa shimo tu. Kwenye baridi ya Njombe au Makete, fungua ukanda wa sentimita 15 hadi 20 kufuata mstari ili jua lipashe udongo, kwa sababu chini ya matandazo mazito mbegu huchelewa kuota.
2. Pima kutoka kwenye udongo.
3. Kama udongo unanata kwenye chombo, acha mpaka kesho. Kuta za tundu zikilainika na kung'aa, mizizi hushindwa kuzipenya.
4. Weka mbegu, kisha funga tundu kwa kisigino, ukisukuma udongo kutoka pembeni.
5. Rudisha matandazo kati ya mistari, usiyaweke juu ya tundu.

Kuna kutokulima kwa aina nyingine, ambako hakuna matandazo. Dodoma wanakuita kuberega: shamba linasafishwa, na mbegu inapandwa moja kwa moja kwenye ardhi iliyoachwa kavu na ngumu. Pigo moja la jembe kwenye ardhi hiyo mara nyingi halivuki sentimita 3, na udongo wa kichanga wa kule unakauka upesi. Hapa piga jembe mara mbili, ufike sentimita 6 au 7. Ni kazi zaidi, lakini ndiyo tofauti kati ya mche unaovumilia wiki moja bila mvua na ule unaokauka siku ya nne.

Ripa nayo inahitaji uangalifu wake. Ripa ya Magoye, iliyotoka Zambia, hufungwa kwenye plau la kawaida la ng'ombe na kuchana mstari mmoja tu, sentimita 15 hadi 20 kwenda chini, ikipasua tabaka gumu lililotengenezwa na miaka ya kulima kina kile kile. Chana wakati udongo ni mkavu, baada ya mavuno, ili upasuke. Lakini usidondoshe mbegu kwenye ufa ulio wazi! Ndani yake kuna mashimo na mabonge, na punje huporomoka mpaka chini. Ngoja mvua ijaze ufa, au rudisha udongo laini kwa jembe, kanyaga, ndipo upande sentimita 5 hadi 6 katikati ya mstari.

Ukipanda kwenye mashimo ya kuvunia maji

Mashimo ya aina ya Chololo, yaliyopewa jina la kijiji cha Dodoma, huchimbwa kina cha kama sentimita 30, kisha hurudishiwa samadi na udongo bila kujazwa mpaka juu, ili shimo likusanye maji. Pima kina cha mbegu kutoka kwenye udongo uliorudishwa ndani ya shimo, si kutoka usawa wa shamba. Mkulima anayepima kutoka usawa wa shamba huishia kuweka mbegu juu juu.

Hatari iliyobaki ni tope. Mvua ya kwanza yenye nguvu huleta udongo na kuushusha ndani ya shimo, na mbegu ya sentimita 5 inakuwa ya 9. Tembelea shamba asubuhi baada ya mvua hiyo. Ukiona tope limeingia zaidi ya sentimita 3, lipunguze kwa mkono taratibu. Na usichimbe mashimo haya kwenye mfinyanzi unaotuamisha maji, mbegu itaoza.

Kupanda kavu

Kupanda kabla ya mvua kunakuokolea siku za mwanzo wa msimu, na kunakuweka kwenye hatari moja: mvua ya kudanganya. Punje iliyowekwa sentimita 3 au 4 hulowa kwa manyunyu ya jioni moja, inachipua, halafu jua linarudi wiki mbili. Punje ikishatoa mzizi haiwezi kurudi nyuma. Ukiiweka sentimita 7 au 8, manyunyu hayo hayaifikii. Itaamshwa na mvua iliyozama, ambayo ndiyo inayoweza kuilea.

Panda kavu sehemu ya shamba tu, kwenye kichanga au tifutifu. Kwenye mbuga nyeusi usijaribu. Na kama unasubiri mvua, usikimbilie tone la kwanza: fukua, na uanze pale udongo unapokuwa umelowa mpaka sentimita 15 au 20.

Mbolea ndani ya shimo

Mbolea ya kupandia huharibu hesabu ya kina kwa watu wengi, kwa sababu shimo moja linabeba vitu viwili. Fuata mpangilio huu:

1. Chimba sentimita 10.
2. Weka mbolea. Kwa shimo la punje mbili, kizibo kimoja cha soda cha DAP ni kama gramu 5. Kwa mashimo 9,000 ya ekari, hiyo ni karibu mfuko mmoja wa kilo 50.
3. Ifukie kwa udongo wa sentimita 4 hadi 5. Usiruke hatua hii. Mbolea ikigusa punje huunguza mzizi, na hasara yake inafanana kabisa na ya mbegu mbovu.
4. Weka mbegu, funika kwa sentimita 5.

Urea isiingie kwenye shimo la mbegu kabisa. Ngoja mahindi yafike magotini.

> ORODHA YA SIKU YA KUPANDA
> ☐ Mbegu imejaribiwa, na nimeandika ngapi zimeota kati ya 100
> ☐ Udongo umelowa hadi sm 15, au nimeamua kupanda kavu
> ☐ Nimefanya jaribio la kiatu
> ☐ Kila mpandaji ana alama ya kina kwenye chombo chake
> ☐ Mashimo 10 ya kwanza yamefukuliwa na kupimwa
> ☐ Angalau 8 kati ya hayo yako ndani ya sm 1 ya kina nilichopanga
> ☐ Mbolea haigusi mbegu
> ☐ Nimeandika tarehe

Baada ya kupanda

Kwenye joto la nyanda za chini, mahindi hutoka siku ya 5 hadi ya 7. Kwenye baridi ya nyanda za juu, siku 10 hadi 14 si ajabu. Usifukue shamba zima kwa wasiwasi kabla ya muda wake.

Mvua kubwa ikinyesha kati ya siku ya 2 na ya 6, kisha jua likawaka, kagua gamba. Bonyeza kwa kidole gumba. Likigoma, livunje siku hiyo hiyo kwa reki, ukikwaruza juu juu tu, sentimita 1, juu ya mstari. Ukishaona ncha za miche zimetoka, acha. Utazikata.

Siku 3 baada ya mahindi mengi kutoka, fukua mapengo 10 na usome unachokiona:

- Punje haipo, kuna tundu: panya, ndege au ngedere. Mara nyingi mbegu ilikuwa juu mno au tundu halikufungwa.
- Punje kavu, haijavimba: haikugusa udongo wenye unyevu. Tafuta bonge, nyasi au udongo ambao haukukanyagwa.
- Punje imevimba na kuoza: maji yametuama, au ilikaa chini mno kwenye udongo baridi.
- Ncha ya mzizi imegeuka kahawia, imeungua: mbolea.
- Mche umejikunja, majani yamefunguka chini: kina kikubwa, gamba au bonge.
- Mche umetoka, umekatwa usawa wa ardhi: sota. Fukua pembeni yake asubuhi utamkuta amejikunja.

Ukitaka kujua kina halisi bila kubahatisha, ng'oa taratibu mche wenye majani matatu pamoja na punje yake. Pima kishina cheupe kutoka kwenye punje hadi kwenye fundo la mizizi, kisha ongeza sentimita 2. Hicho ndicho kina ulichopanda. Fanya hivyo kwa miche 10 kutoka sehemu tofauti za shamba, uandike kwenye daftari pamoja na namna ulivyolima sehemu hiyo. Msimu ujao utakuwa na kipimo cha udongo wako mwenyewe.

Mwisho, hesabu. Kwa mistari ya sentimita 75, pima mita 5.4 za mstari na uhesabu miche iliyomo. Zidisha kwa 1,000, umepata miche ya ekari. Lengo ni 18. Rudia sehemu 10, upate wastani. Ukipata 15 au zaidi, liache shamba liendelee na ulipalilie mapema. Ukipata 10 hadi 14, jazia mapengo, lakini iwe ndani ya siku 7 tangu wenzake watoke, kwa aina ile ile ya mbegu. Siku hizo zikipita, usirudishie mahindi; yatakua kivulini na hayatakupa kitu. Weka kunde, maharage au maboga kwenye mapengo hayo. Ukipata chini ya 10 na msimu ungali mchanga, panda upya shamba zima, baada ya kujua kwanza mapengo yale 10 uliyofukua yalisema nini.